Gari Kabla ya Injini

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa asili ya jina 'gari la moshi', hujibu bila kusita kuwa ni sitiari: watu wa kale waliona treni ikipita huku ikifuka moshi, wakaifananisha na gari. Jibu hili linavutia, lakini limeipindua historia juu chini. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Wakati huo motokaa haikuwa chombo ambacho umma wa Afrika Mashariki ungeweza kulinganishia kitu chochote. Waliolizoea neno gari walilijua gari jingine, lisilo na injini.

Gari ni neno la Kihindi (Kigujarati husema gadi) lililovuka bahari pamoja na biashara. Huko Bara Hindi lilitaja chombo cha magurudumu, hasa kinachokokotwa na ng'ombe au farasi. Waswahili walilipokea kwa upana huo, wakalitia katika ngeli ya LI-YA bila taabu, kisha wakawa wanabainisha aina zake kwa a-unganifu: gari la ng'ombe, gari la farasi, gari la moshi. Mjini Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, yalikuwepo hata magari madogo yaliyopita juu ya reli mitaani, yakisukumwa na watu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 nayo inalieleza gari kuwa chombo chochote chenye magurudumu.

Motokaa ilikuja nyuma ya hayo yote. Ilipozagaa, ikajitwalia jina zima, na maana ya neno ikafinyika. Leo anayesema amenunua gari hatarajiwi kuonekana na punda. Chombo cha punda kimebaki na jina la mkokoteni, kutokana na kitenzi kokota. Neno zuri, ila halikuwa mrithi pekee.

Kwa hiyo mwalimu anayekata alama kwa sababu mwanafunzi ameandika 'gari la punda' anaadhibu Kiswahili sanifu kabisa. Lililo baya zaidi ni kwamba anamlea msomaji ambaye, akikutana na neno gari katika maandishi ya karne ya 19, atampandisha Sultani Barghash, aliyefariki mwaka 1888, ndani ya motokaa.