Mstari Mmoja wa Wasifu

Kila msiba una kamati, na kila kamati humpata kijana wa kuandika wasifu wa marehemu. Huuandika usiku, akiuliza huku na huku: mzee alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha wajukuu wangapi. Tulipomzika baba yetu mkubwa, kijana huyo nilikuwa mimi. Ugonjwa wake niliupa nusu ukurasa, tangu presha ilipoanza. Vita nikavipa mstari mmoja: alishiriki Vita vya Kagera. Alishiriki! Kama mtu aliyekwenda semina.

Mstari ule ulikuwa mfupi, sawa, lakini kosa kubwa ni pale nilipouweka. Niliuchomeka kwenye orodha ya kazi, kisha aya mbili mbele nikaandika kwamba alikuwa mlezi bora. Mtu mmoja nikamgawa: askari huku, baba kule.

Sisi tuliolelewa kwake tulijua amri moja isiyo na mjadala. Kila jioni viatu vya watoto vilipangwa mlangoni, naye akapitisha mkono ndani ya kimoja kimoja. Kilicholowa kilikwenda kukaa karibu na mafiga. Tulimcheka kwa siri, tukasema mzee ana udhia.

Baada ya maziko mzee mwenzake, aliyekuwa naye jeshini, aliniita kando. "Mwanangu, wasifu umeusoma vizuri. Mbona miguu yake hukuitaja?" Akanieleza. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yamevunja daraja la Kyaka. Ya kwetu Tanzania yakavuka Mto Kagera, yakaingia Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, Lukaya Machi, mvua za masika zikiwa juu yao na kinamasi chini, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 11. Sehemu kubwa ya njia hiyo walitembea. Buti hazikukauka. Baba mkubwa alifika na miguu iliyochunika, akaapa kwamba mtoto wake hatavaa kiatu chenye maji.

Malezi yake yote yalitoka kwenye tope lile, nami nilikuwa nimeyaandika kwenye aya tofauti.

Ndiyo maana toleo hili la jarida letu halina picha za vifaru. Lina wazee wa vita hivyo nyumbani kwao, wakiwemo mgambo walioitwa kutoka mashambani na baadaye wakarudi kwenye majembe yao. Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunawakumbuka waliolala makaburini Kaboya, na ni haki yao. Lakini aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza alizaliwa 1958, na huenda yuko barazani kwenu sasa hivi.

Mkimwendea, msimwulize vita vilikuwaje. Atasema vilikuwa vibaya, na mazungumzo yataishia hapo. Mwulizeni alivaa nini miguuni, alikula nini, nani alimwandikia barua. Kisha tuandikieni. Kurasa nne za toleo lijalo tumeziacha wazi.