Mashariki mwa Congo: Programu za kompyuta hazijifunzwi kwa kukariri

Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kueleza kwenye mtihani maana ya « klasi », « kitu » na « urithi », akapata alama nzuri, na bado hajaandika hata programu moja inayofanya kazi. Pengo hilo huonekana siku anapoomba kazi.

Mtindo huu wa kupanga programu kwa vitu ulianzia Norway katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotunga lugha ya Simula. Lengo lao lilikuwa kuiga kwenye kompyuta mambo yanayotendeka kweli.

Kwa mkaaji wa Goma ao Bukavu, mfano wa karibu ni akaunti ya pesa kwenye simu. Tangu AFC/M23 iiteke Goma mwezi wa Januari 2025 na benki kufungwa, wengi wameitegemea zaidi. Klasi ni muundo wa akaunti zote; kitu ni akaunti ya mteja mmoja, yenye namba na salio lake. Salio hilo hubadilishwa tu kwa amri za kuweka na kutoa.

Anayeandika programu hiyo hukutana haraka na kosa ambalo daftari halimwonyeshi. Mtu akiomba kutoa franka -5.000, na programu isikatae, salio linaongezeka badala ya kupungua. Hapo anafahamu kwa nini lazima salio lilindwe.

Vilevile kuhusu dola na franka. Ni rahisi kuanza na klasi mbili zinazorithi moja, kisha kugundua kwamba hesabu ni ile ile na sarafu ni sifa tu ya akaunti. Kujua wakati urithi hauhitajiki kunatokana na mazoezi.

Vizuizi vipo: umeme hukatika, kompyuta ni chache, intaneti ni ghali. Lakini lugha ya Python ni ya bure, na ikiisha kupakuliwa hutumika bila intaneti, hata kwenye simu ya Android. Nao mfumo wa LMD, unaotumiwa sasa vyuoni, unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi.

Kinachobaki ni mtihani wenyewe. Ukiendelea kuuliza maana ya maneno, wanafunzi watakariri. Ukidai programu inayokataa kutoa pesa zisizokuwepo, watalazimika kuiandika.