Watoto Wetu na Kadi za Wachezaji

Wasomaji wetu walio Miyomboni, Mlandege na Kihesa hawana haja ya kuelezwa kadi hizi ni kitu gani, kwa kuwa ni nadra siku hizi mama kufua shati la mtoto asizikute mfukoni. Ni vipande vya karatasi ngumu, upande mmoja vina sura ya mchezaji wa mpira, na upande wa pili jina lake, timu yake na nambari. Nyingine huja pamoja na bigijii na peremende, nyingine huletwa na jamaa watokao Dar es Salaam au ng'ambo. Mtoto akiwa nazo mbili za mchezaji mmoja humtafuta mwenziwe aliyezidiwa na nyingine, wakabadilishana. Basi kila Alhamisi chuo kikifungwa, baraza yetu hugeuka soko.

Wazazi kadha wa kadha wametutaka tulivunje soko hilo. Hatukulivunja, nasi twapenda kueleza sababu. Khitilafu ya wanachuoni juu ya picha za kamera ni ndefu, wala si mlango tunaotaka kuufungua leo. Maneno yetu ni juu ya biashara yenyewe, maana hii ni biashara kweli kweli, ingawa wafanyao ni wadogo.

Jambo lenyewe si geni. Huko Marekani, zaidi ya miaka mia iliyopita, makampuni ya tumbaku yalikuwa yakitia kadi ngumu ndani ya pakiti za sigara ili zisipondeke, kisha yakaona faida ya kuzichapa picha za wachezaji. Katika kadi zilizotolewa baina ya 1909 na 1911 ilikuwamo ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli. Yeye aliikataa, na uchapaji wake ukakoma mapema. Wengi husimulia kwamba hakupenda watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya sura yake. Wengine husema alitaka alipwe. Lililo dhahiri ni kwamba zilibaki chache, na mwezi wa Agosti 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Mwezi huo huo kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Kadi hiyo ilitolewa na kampuni ya Topps, na mfanyakazi wake Sy Berger alisimulia kwamba mwaka 1960 masanduku ya kadi za 1952 zilizokosa wanunuzi yalipakiwa chomboni, yakatupwa katika bahari ya Atlantiki.

Kijana asomaye khabari hizi asikimbilie kuweka kadi zake chini ya godoro akingoja utajiri. Wamarekani wengi walifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Makampuni yalipoona watu wananunua kwa kutazamia faida yalichapa bila ya kiasi, na kadi za miaka ile zimejaa masandukuni hata leo, nyingi hazipati mnunuzi.

Sisi wa umri wa miaka hamsini na kitu hatukukua na kadi, tulikua na stempu. Tulizibandua kwa maji ya vuguvugu kutoka bahasha za wazee wetu, tukazikausha ndani ya daftari. Miongoni mwao zilikuwamo zile za mwaka 1976 zilizotolewa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki kwa ajili ya Olimpiki ya Montreal. Moja ilikuwa na Filbert Bayi wetu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Nyingine ilikuwa na John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa kuruka viunzi mita 400 mjini Munich mwaka 1972. Wala hawakukimbia Montreal. Nchi zetu zilisusa michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, na New Zealand haikufukuzwa mashindanoni. Stempu zilibaki, mbio hazikuwapo. Mtoto aliyekuwa na Bayi wawili na hana Akii-Bua alijua la kufanya. (Katika kadi za watoto wa leo hatujamwona hata mchezaji mmoja wa Lipuli, timu ya mji wetu iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019. Wote ni wa Ulaya.)

Sasa tuje kwenye shauri lililoletwa mbele yetu. Mtoto wa miaka kumi alipewa na ami yake kadi moja ing'aayo. Kijana aliyekwisha kubaleghe akaitazama, akaenda kuuliza bei yake katika simu ya kaka yake, akarudi kimya akampa mdogo kadi sita za kawaida, akaichukua. Mdogo akaenda kwao akifurahi, kwani sita ni nyingi kuliko moja. Baba yake alipopata khabari alikuja chuoni na ghadhabu.

Yule kijana alijitetea vizuri. Alisema hakuiba, hakusema uwongo, na mwenye kadi aliridhika. Tukamwuliza: kama alikuwa radhi, kwa nini ulimficha ulichokiona katika simu? Hakujibu. Ridhaa ya mtu asiyejua alichonacho mkononi ni ridhaa nyembamba sana. Tena katika madhhebu yetu ya Kishafii mauzo ya mtoto asiyebaleghe hayasimami hata akiridhia mara mia. Hufanyiwa na walii wake. Basi kadi sita zilirudi kwa kijana, na moja ikarudi kwa mdogo.

Juma lililofuata kadi ile ile ilibadilishwa tena, baba akiwa ndiye mwenye kutamka kwa niaba ya mwanawe, na bei ikiwa imekwisha kutajwa wazi. Safari hii mtoto alipata kadi tatu tu, lakini ndizo tatu zilizokamilisha timu aliyoipenda. Wakubwa wengine walimcheka. Sisi hatukuona la kucheka, maana alijua anachokitoa na alijua anachokitaka.

Mawili tumeyakataza moja kwa moja. La kwanza ni kurusha kadi mbili chini na kuzichukua zote yule ambaye yake imeangukia uso juu. Hiyo ni kamari, sawa na gololi na vizibo vya soda vinavyochezwa kwa kulana. La pili ni mtoto kusimama pembeni akitaja bei kubwa kwa kadi asiyoitaka, ili mwenzake ainunue ghali. Hila hiyo Mtume wetu (s.a.w.) aliikataza sokoni. Ama kadi iliyopindika pembe, mwenye nayo huionyesha pembe hiyo kwanza.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni pakiti iliyofungwa, ambayo mtoto huinunua bila ya kujua kilichomo. Tufanye hesabu. Chukua kitabu cha picha kumi, ukanunua picha moja moja kwa kubahatisha. Ukishapata tisa, kila ununuapo una nafasi moja katika kumi ya kuipata iliyobaki, basi kwa wastani utanunua kumi kwa ajili ya hiyo moja. Kujaza kitabu chote kutakugharimu picha kama 29. Sasa kitazame kitabu cha Panini, kampuni ya Modena huko Italia, cha Kombe la Dunia la 2022. Kilikuwa na picha 670, na kila pakiti picha tano. Lau kila picha ingekuwa mpya, pakiti 134 zingetosha. Mtu peke yake, asiyebadilishana na yeyote, atahitaji kwa wastani zaidi ya picha 4,700, yaani pakiti zaidi ya 900. Ni baba gani wa Iringa atakayezinunua?

Ndiyo maana hatukulivunja soko la Alhamisi. Watoto kumi wakikaa pamoja, kilichozidi kwa huyu ni pengo la yule, na senti haitoki mfukoni mwa mzazi. Ubaoni tumewapa nafasi ya safu mbili, upande wa kulia nambari zinazotafutwa, wa kushoto zilizozidi, na wao wenyewe huandika na kufuta. Mzazi aliyehifadhi stempu za zamani, khasa zile za Bayi na Akii-Bua, na azilete watoto wazione. Wako watatu wanaozitafuta, na wana vya kubadilishana.