Kuroni ya jino ina umri wake, na mwenye kuilipa aambiwe

Katika miji yetu ya mashariki, toka Bunia hadi Uvira, kuvika jino kuroni ya porselene si tena jambo la watu wa mbali. Mtu analipa kwa dola, mara nyingi kwa sehemu mbili ao tatu, anajitazama kwenye kioo, anaondoka akiamini kwamba shida ya jino lile imeisha kwa maisha yake yote. Mara nyingi hakuna aliyemwambia hivyo. Lakini pia hakuna aliyemwambia kinyume, na sisi tunaona kwamba kunyamaza huko ni kosa.

Kuroni iliyotengenezwa na kutunzwa vizuri inakaa kwa kawaida miaka 10 hadi 15. Ziko zinazopita 20. Utafiti uliofanywa juu ya kuroni za porselene zenye chuma ndani unaonyesha kwamba karibu 95 kwa 100 zinakuwa zingali mdomoni baada ya miaka 5. Kwa hiyo si kazi mbaya, na kwa jino la nyuma ambalo mshipa wake umeuliwa, kuroni mara nyingi ndiyo inalizuia lisipasuke katikati.

Shida ni kwamba porselene haiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza. Pale kuroni inapokutana na jino, karibu na ufizi, kuna mstari mwembamba. Chakula kikikaa hapo, vijidudu vinaingia chini polepole. Na kama mshipa uliisha kuuliwa, hakuna maumivu ya kumwamsha mtu usiku. Siku moja anauma muhindi wa kuchoma, kuroni inatoka na kipande cha jino ndani yake, na munganga hana tena mahali pa kushikilia nyingine.

Kwa hiyo kuroni inaomba usafi kuliko jino la kawaida, si pungufu. Mswaki mara mbili kwa siku, na dawa ya meno yenye floridi, hasa kwenye ufizi. Uzi wa kupitisha kati ya meno, mara moja kwa siku. Kumwona munganga kila miezi sita ao walau mara moja kwa mwaka, hata kama hakuna kinachouma, na kupiga picha ya radio akiona inafaa. Kufungua chupa ya bia kwa meno, kuvunja mifupa ya mbuzi, kumenya miwa: hayo kwa jino lenye kuroni yaishe, maana porselene ni ngumu lakini inavunjika kama sahani. Anayesaga meno akilala amwambie munganga, atengenezewe kifaa cha kuvaa usiku.

Kuroni ikitoka, isitupwe. Ioshwe, iwekwe kwenye kikopo, na mtu aende kwa munganga siku hizo hizo, kwa sababu meno ya jirani yanaanza kusogea. Kuibandika kwa kola ya viatu, kama wengine wanavyofanya, ni kufungia uchafu ndani na kuunguza ufizi.

Lakini jambo linalotusumbua zaidi ni vijana. Kandokando ya milima yetu ya volkano, kuna maji yanayopita miligramu 1,5 ya floridi kwa litre, kipimo ambacho OMS inashauri yasipite. Mtoto anayekua akiyanywa anaweza kupata meno yenye madoa ya kahawia. Meno hayo mara nyingi ni mazima, yanatafuna vizuri, ila yanamfanya msichana wa miaka 20 afunike mdomo akicheka. Akisikia kuhusu kuroni nyeupe, anazitaka sita za mbele kwa mara moja.

Ahesabu kwanza. Ili kuvika kuroni, munganga anasaga jino kila upande, milimita moja hadi mbili, na kilichosagwa hakirudi. Kama kila kuroni inakaa miaka 15, huyu msichana atazibadilisha mara tatu kabla ya kufika miaka 70, na kila mara jino linabaki dogo zaidi. Kwa madoa mengi kuna njia zinazogusa ngozi ya juu tu ya jino: kuyasugua kwa dawa maalum ya munganga, kuyasafisha rangi, ao kubandika resini. Munganga anayeruka hizo zote na kukimbilia kuroni kwenye meno mazima, aulizwe kwa nini.

Tunaomba kitu kimoja kisicho cha garama: karatasi. Kabla ya kupokea avansi, munganga aandike ni jino gani, kuroni ni ya nini (porselene juu ya chuma, zirkonia ao nyingine), imewekwa tarehe gani, inatazamiwa kukaa miaka mingapi, na ikivunjika katika mwaka wa kwanza nani analipa. Watu wa kwetu wanahama, wengine kwa kazi, wengi kwa vita. Wengine wanatengenezewa meno Kampala ao Bujumbura na hawarudi kule tena. Munganga wa Kisangani atakayefungua mdomo huo baada ya miaka minane, bila karatasi hiyo, ataanza kwa kubahatisha, na mgonjwa ndiye atalipa.