Taulo chafu ni adui wa rangi ya gari lako

YAPO mambo madogo ambayo watu huyapuuza mpaka yakawatia hasarani. Mojawapo ni taulo ya kufutia gari. Mtu atachukua mkopo katika chama cha ushirika, anunue gari alilolitamani kwa miaka mingi, alikatie bima na kulitia mafuta, kisha alifute kwa kitambaa ambacho hakijaonja sabuni tangu siku kiliponunuliwa. Baada ya mwaka mmoja analitazama gari juani na kuona boneti imejaa mikwaruzo midogo midogo iliyozungukana kama utando wa buibui. Lawama zote humwangukia kijana anayeliosha. Kumbe mara nyingi mkosaji ni taulo.

Taulo ninazozungumzia ni zile laini za maikrofaiba, ambazo siku hizi huuzwa katika maduka makubwa, maduka ya vipuri na hata na wachuuzi wanaopita kati ya magari wakati wa msongamano. Wengi hudhani ni pamba. La, hasha! Ni nyuzi za poliesta zilizochanganywa na poliamaidi, yaani jamii ya nailoni. Mwaka 1970 mwanasayansi Mjapani, Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray, alitumia nyuzi nyembamba mno za aina hii kutengeneza kitambaa kinachofanana na ngozi laini. Siku hizi nyuzi za namna hiyo zimeingia hadi jikoni na katika gereji.

Wembamba wake ni wa kustaajabisha. Ukichukua uzi mmoja na kuunyoosha kwa urefu wa kilomita tisa, uzito wake hautafika gramu moja. Isitoshe, katika taulo zilizo bora kila uzi umepasuliwa kwa urefu mfano wa vipande vya chungwa. Kingo za vipande hivyo ndizo zinazochota vumbi, na nafasi zilizo katikati ndizo zinazonywa maji.

Hapo ndipo penye sifa ya taulo hii, na hapo hapo ndipo penye hatari yake. Hunasa kila kitu bila kuchagua: vumbi la barabara ya murami, mchanga na hata chembe za chuma zinazotoka kwenye breki. Ikishanasa, haiachilii kwa urahisi. Usipoifua ipasavyo, Jumamosi ijayo utakuwa unalisugua gari lako kwa mchanga wa Jumamosi iliyopita.

Kumbuka kwamba magari mengi ya kisasa hupakwa rangi, kisha juu yake likaongezwa tabaka linalong'aa lisilo na rangi. Kwa kawaida tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele mmoja wa kichwa. Fundi akiondoa mikwaruzo kwa mashine, hulipunguza tabaka lenyewe, wala hawezi kulipunguza mara nyingi. Likiisha, dawa ni kupaka rangi upya, na bei ya kazi hiyo unaijua. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

TENGA TAULO ZAKO

Jambo la kwanza ni kuzigawa taulo kulingana na kazi. Nunua za rangi tofauti, kwa mfano buluu za bodi, kijani za vioo, manjano za ndani ya gari na nyeusi za magurudumu na injini. Waeleze wote wanaoshika gari hilo, hata watoto. Taulo iliyofuta rimu isiguse boneti kamwe. Na zikifuliwa, zile za magurudumu zioshwe katika beseni lake.

Aidha, zisichanganywe na blanketi, taulo za kuogea wala fulana. Nguo za pamba hutoa manyoya, na maikrofaiba huyanasa yote. Utakapofuta kioo utashangaa kimejaa vinyuzi. Taulo mpya nazo zifuliwe peke yake kabla ya kutumiwa, kwa kuwa nyingine huchuja rangi. Kama zina kipande kigumu cha maandishi kilichoshonwa pembeni, kikate, maana hicho nacho hukwaruza.

SABUNI NA MAJI

Ukimaliza kuosha gari, usiitupe taulo kwenye buti ikakaukia huko. Ikung'ute, kisha iloweke mapema, hasa kama ulikuwa ukifuta nta au polishi. Nta ikikauka ndani ya nyuzi ni kazi ngumu kuitoa.

Tumia sabuni ya maji isiyo na manukato mengi. Kama una ya unga pekee, ikoroge mpaka iyeyuke kabisa kabla ya kutia taulo, kwa sababu chembe zisizoyeyuka hubaki ndani. Sabuni ya kipande haifai sana, hasa mahali ambapo maji ni magumu na hayatoi povu upesi, kwani huacha utando. Maji yawe ya uvuguvugu ambao mkono wako unaustahimili. Usichemshe. Sugua kwa mikono, taulo kwa taulo, bila brashi.

Kina mama, hapa ndipo nawaomba mnisikilize kwa makini. Ile dawa ya kulainisha nguo, inayonukia vizuri na kuzipendeza shuka, ni sumu kwa taulo hizi. Huzipaka nyuzi mafuta mafuta, nazo zikaacha kunywa maji na kushika vumbi. Hali kadhalika, dawa ya madoa yenye klorini, ambayo wengi huiita jiki, hudhoofisha ile nailoni iliyomo. Taulo ya gari haihitaji kuwa nyeupe wala kunukia. Inahitaji kuwa safi.

Suuza mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke bila povu. Katika maji ya mwisho unaweza kutia nusu kikombe cha siki nyeupe kwa ndoo moja ili kuondoa mabaki ya sabuni. Kisha kamua bila kunyonga. Maji machafu usiyamwage mtoni, kwani nyuzi hizi ni jamii ya plastiki na vipande vyake haviozi upesi.

KUANIKA NA KUHIFADHI

Wako wanaoanika kila kitu juu ya nyasi au kwenye ua wa michongoma. Kwa taulo ya gari, hilo ni kosa kubwa. Itabeba majani, miiba na udongo, na kazi yote uliyofanya itakuwa bure. Tumia kamba na vibanio, mahali penye upepo na kivuli, mbali na barabara ya vumbi. Usiipige pasi, maana joto la pasi huzibana na kuzifanya nyuzi ngumu, na taulo ngumu hukwaruza. Kama una mashine ya kukaushia nguo, itie kwenye joto la chini kabisa.

Ikikauka, ikunje na kuiweka katika mfuko safi au ndoo yenye kifuniko. Si pamoja na jeki, kopo la oili na gurudumu la akiba.

Unataka kujua kama taulo yako bado nzima? Idondoshee maji kidogo. Ikiyanywa mara moja, ni nzima. Maji yakisimama juu yake kama umande juu ya jani la muhogo, ina mafuta au nta, basi ifue tena. Kisha ipapase kwa kiganja. Ukisikia chembe au ugumu, isiguse rangi. Hata hivyo usiitupe. Kama nguo za kaka zinavyorithiwa na mdogo wake, taulo ya bodi ikizeeka hushuka kwenye vizingiti vya milango, mwishowe ikaishia kwenye magurudumu.

Nanyi kina baba, acheni ile tabia ya kila asubuhi ya kufuta vumbi kavu kwa taulo kavu mkiwa mnaharakisha kwenda kazini. Hata taulo iliyofuliwa vyema itaburura mchanga huo juu ya rangi. Mwagia gari maji kwanza. Na taulo ikianguka chini, hata kwa dakika moja, ichukue nyingine.

La mwisho ni kuhusu vijana wanaotuoshea magari kando ya barabara. Wengi wana taulo moja au mbili za kuhudumia magari ya kutwa nzima, na malipo tunayowapa ni machache. Mteja akiona mkwaruzo, kijana ndiye anayefukuzwa na kukosa chakula cha jioni. Mpelekee taulo zako safi, mwonyeshe ipi ni ya rimu na ipi ni ya boneti, kisha uondoke nazo ukazifue nyumbani. Nawe kijana unayeishi kwa kazi hii, taulo ni jembe lako. Mteja akiziona zako zimepangwa kwa rangi ndani ya ndoo safi, atarudi, na huenda akaja na jirani yake.