Jiko ni darasa tulilolisahau

IMEKUWA ada ya wengi wetu kuamini kwamba kuna vyakula vya nyumbani na vyakula vya hoteli. Vya nyumbani ni ugali, sukuma wiki, githeri na mchuzi. Vya hoteli ni vile vinavyoandikwa kwa lugha ya kigeni katika orodha yenye jalada zuri, na kuletwa mezani na mhudumu aliyefunga tai.

Miongoni mwa hivi vya pili, ni vichache vinavyoheshimiwa kama sahani yenye kipande cha steki upande mmoja na kamba wa baharini upande wa pili. Mlo huo ulianza kujipatia umaarufu nchini Marekani katika miaka ya 1960, na sasa huandaliwa pia katika hoteli za kifahari za Nairobi na Mombasa. Anayetamani kuuonja hulazimika kutoa fedha ambazo zingewatosha watu kadhaa sokoni.

Tunachosema leo ni kwamba mlo huo unaweza kupikwa nyumbani, juu ya jiko la makaa au la gesi, na mtu yeyote aliyefunzwa kanuni chache za sayansi. Ikiwa hatuwezi kuupika, lawama si ya mifuko yetu peke yake. Ni lawama ya elimu inayomwezesha mwanafunzi kueleza uhamishaji wa joto katika karatasi ya mtihani, lakini inamwacha hajui la kufanya mbele ya kikaango.

Tuanze na nyama. Nyama zote za ng'ombe si sawa. Misuli ya miguu hufanya kazi kutwa, ikimbeba mnyama na kumtembeza malishoni. Kwa hiyo huwa na nyuzi ngumu na tishu nyingi za kuunganishia ziitwazo kolajeni. Sarara, yaani ule mnofu wa mgongoni, hufanya kazi kidogo, na ndiyo sababu ni laini.

Hapa ndipo wengi hupotea. Nyama ya mguu huhitaji kutokoswa polepole kwa saa kadhaa ili kolajeni igeuke na kuwa uteute mlaini unaoufanya mchuzi uwe mzito. Sarara haina kolajeni nyingi ya kuyeyushwa. Ukiichemsha kwa saa mbili, hutailainisha bali utaikausha. Mpishi anayezitendea nyama hizi mbili sawasawa ni kama mwalimu anayewapa watoto wa chekechea na vijana wa sekondari zoezi moja.

Jambo la pili ni rangi na harufu. Mwaka wa 1912, mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi protini na sukari zinavyoathiriana zinapopashwa joto, zikazaa rangi ya kahawia na ladha nyingi mpya. Ndiyo harufu ile inayotoka katika nyama choma, mkate uliookwa na kahawa iliyokaangwa.

Jikoni, mabadiliko hayo huanza kushika kasi joto linapofika nyuzi 140 za Selsiasi au zaidi. Maji nayo huchemka kwa nyuzi 100. Msomaji ataona mara moja maana yake: maadamu uso wa nyama umelowa, joto lake haliwezi kupanda mpaka maji yamalizike kukauka. Nyama iliyotiwa kikaangoni ikiwa majimaji haikaangiki. Huchemka katika mvuke wake yenyewe na kugeuka rangi ya kijivu.

Kwa hivyo nyama ifutwe kwa kitambaa safi hadi ikauke. Inafaa iwe na unene wa sentimita 2.5 hivi, maana ikiwa nyembamba itaiva ndani kabla ya kupata rangi nje. Itiwe chumvi ama dakika 40 au zaidi kabla ya kupikwa, ama papo hapo inapoingia kikaangoni. Katikati ya nyakati hizo, chumvi huwa imevuta maji hadi juu, nayo nyama haijapata nafasi ya kuyanywa tena.

Kikaango kizito cha chuma kipashwe moto barabara, mafuta kidogo yatiwe, kisha nyama. Upande mmoja dakika 3 au 4, upande wa pili vivyo hivyo. Siagi na kitunguu saumu vitiwe mwishoni, kwa kuwa siagi huungua upesi.

Kuna wasemao kwamba moto mkali huziba matundu ya nyama ili maji yasitoke. Wazo hilo lilienezwa na mwanakemia mashuhuri wa Ujerumani, Justus von Liebig, mwaka wa 1847, na wapishi wakalipokea kama sheria. Majaribio ya baadaye yakaonyesha kuwa si kweli: nyama iliyochomwa kwa moto mkali hupoteza maji kama nyingine, pengine hata zaidi. Faida ya moto mkali ni ladha, wala si kuziba kitu. Mwalimu wa sayansi atafute wapi mfano bora zaidi wa kuwafunza wanafunzi kwamba hata neno la bingwa lapasa kupimwa? Mizani na vipande viwili vya nyama vinatosha.

Suala la usalama nalo lisipuuzwe. Nyama inunuliwe penye muhuri wa mkaguzi, kwa sababu tegu wa ng'ombe huingia mwilini kupitia nyama ambayo haikuiva. Wataalamu wa usalama wa chakula nchini Marekani hupendekeza kipande kizima kifikie nyuzi 63 katikati, kisha kipumzishwe kwa dakika 3. Nyama ya kusaga yapasa kufika nyuzi 71, kwa kuwa vijidudu vilivyokuwa juu huchanganywa hadi ndani. Kipimajoto cha jikoni ni chombo kidogo, na kila shule yenye maabara ingeweza kuwa nacho.

Nyama ikishaepuliwa, isikatwe papo hapo. Ipumzishwe kwa dakika 5 hadi 10 ili maji yake yatulie ndani badala ya kumwagika sahanini. Muda huo wa kungoja ndio muda wa kuwapika kamba.

Viumbe wengi wa baharini hawahitaji moto wa muda mrefu. Maji huwabeba, kwa hiyo samaki hahitaji tishu ngumu za kuushikilia uzito wake kama ng'ombe asimamaye malishoni. Nyuzi zake ni fupi, kolajeni yake ni kidogo na huyeyuka kwa joto la chini. Kamba naye huiva haraka vivyo hivyo. Kamba aliyechemshwa nusu saa hatafuniki, na mlaji huishia kumlaumu muuzaji ilhali kosa ni la mpishi.

Kamba wabichi wanukie bahari, wasiwe na harufu kali inayopanda puani. Wamenywe, uzi mweusi wa utumbo ulio mgongoni utolewe, wasuuzwe na kukaushwa kama nyama ilivyokaushwa. Watiwe katika kikaango kilekile kilichobaki na mafuta ya nyama na kitunguu saumu, dakika moja na nusu hivi kila upande. Ndimu na dania vifuatie.

Kamba mwenyewe humwambia mpishi kwamba ameiva. Akiwa hai huwa na rangi ya kijivu, ingawa ndani yake mna kemikali nyekundu iitwayo astazanthini. Kemikali hiyo huwa imefungwa na protini inayoificha rangi yake. Joto likiivunja protini hiyo, wekundu hujitokeza. Umbo nalo hutoa habari: akijikunja mfano wa herufi C, mwepue, akijikunja hadi akawa mfano wa herufi O, umechelewa.

Kila kanuni ina udhuru wake. Pweza ni wa baharini, lakini ana kolajeni nyingi, na ndiyo maana wapishi wa Pwani humpondaponda na kumchemsha kwa muda mrefu. Wauzaji wa supu ya pweza katika mitaa ya Mombasa hawakungoja kitabu cha kemia kiwaeleze jambo hilo. Elimu ilikuwapo mikononi mwao. Sisi ndio tulioshindwa kuiita elimu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, sayansi kimu ilikuwa miongoni mwa masomo ya vitendo, wavulana kwa wasichana. Masomo hayo yalipoondolewa katika mtihani wa KCPE mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilichotokea hakikuhitaji mtabiri. Kisichotahiniwa hakifundishwi. Vipindi vyake vilichukuliwa na hisabati na lugha, na majiko ya shule yakaota kutu.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, uliahidi kuyarudisha mambo ya vitendo. Lakini mwaka wa 2024, kilimo na sayansi kimu viliunganishwa kuwa somo moja katika gredi ya 4 hadi ya 6. Nia ya kuwapunguzia watoto mzigo ilikuwa njema. Hofu yetu ni kwamba upishi, ukiwa mgeni ndani ya somo la jirani, utakuwa wa kwanza kuachwa muda unapokuwa mfupi. Mwanafunzi atachora jiko badala ya kuliwasha.

Tunafahamu majibu yatakayotolewa. Kwanza, itasemwa kwamba steki na kamba ni anasa, na kwamba kuna watoto wanaolala njaa. Ni kweli, wala hatumshauri mwalimu autumie mshahara wake kwa kamba kila wiki. Lakini kanuni zilizoelezwa hapa hazibagui. Anayejua kwa nini sarara hukaangwa upesi, atajua pia kwa nini nyama ya mguu, iliyo rahisi zaidi, hupikwa polepole. Anayeweza kuwapika kamba wasikauke, atampika changu, ngisi au ngege vizuri. Wahenga walinena kwamba mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Asiye na fedha nyingi ndiye anayehitaji zaidi maarifa ya kutoharibu kidogo alicho nacho.

Tena tujiulize anasa hii ni ya nani. Kamba huvuliwa katika Ghuba ya Ungwana, karibu na milango ya mito ya Tana na Sabaki. Ng'ombe hutoka katika malisho ya Isiolo, Marsabit na Garissa. Ugomvi kati ya meli kubwa za kukokota nyavu na wavuvi wadogo wa ghuba hiyo ulifikia kiasi cha meli hizo kupigwa marufuku mwaka wa 2006, kabla ya kuruhusiwa tena mwaka wa 2011. Watu hawagombanii kitu kisicho na thamani. Kwa nini basi mali inayotokana na jasho la mfugaji na mvuvi wa Kenya ionekane ni chakula cha wageni?

Pili, itasemwa kwamba upishi hufundishwa na mama nyumbani, na kwamba kijana wa kiume hana haja nao. Hoja hii imepitwa na wakati. Mama huyo hurudi nyumbani jioni amechoka kama baba. Kijana wa kiume anayekwenda chuoni hukodi chumba, hununua jiko dogo, kisha huishi kwa chai na mkate kwa kuwa hakufundishwa lingine. Ajabu ni kwamba katika hoteli zile tulizozitaja, wanaopika kwa mshahara aghalabu ni wanaume. Iweje upishi uwe kazi ya mwanamume penye mshahara, na uwe wa mwanamke pasipo na malipo?

Tatu, itasemwa kwamba vifaa ni ghali. Si lazima pawe na jengo jipya. Jiko moja, kikaango kimoja, kisu kikali, mbao mbili za kukatia ili chakula kibichi kisikutane na kilichoiva, na kipimajoto: hivyo vyatosha kuanzia. Mwalimu wa kemia, wa biolojia na wa sayansi kimu wanaweza kukutana mara moja kwa muhula na kuendesha somo la pamoja. Jambo la kuzingatia ni kuuliza mapema kama kuna mwanafunzi anayedhurika akila kamba, na kuheshimu miiko ya dini na jamii za wanafunzi.

Wizara ya Elimu nayo ina wajibu. Upishi upimwe kwa vitendo, mwanafunzi akipika mbele ya mwalimu na kueleza kwa nini alifanya hivi na si vile. Alama zitokane na chakula kilichoiva na maelezo yaliyo sahihi. Hapo ndipo vipindi vitakapoacha kuibwa.

Samaki mkunje angali mbichi. Kijana akitoka shuleni akijua kuchagua nyama sokoni, kupima moto na kuwaandalia wenzake mlo wa heshima, atakuwa na maarifa yasiyochuja baada ya mtihani. Likizo inapowadia, mwanafunzi na aombe ruhusa ya mzazi kuingia jikoni Jumapili moja. Mwalimu naye amwambie aandike alichokiona, hata kama kamba walijikunja mpaka wakawa mfano wa herufi O.