Acheni Nipande Waridi

Kwenye fomu ya bustani kulikuwa na lengalenga, kabichi, karoti na kitunguu. Chini yake mstari mtupu: "Mengineyo." Nikaandika: waridi. Afisa akacheka, si kwa ubaya, akalikata neno langu kwa kalamu. "Mama, tuanze na mahitaji ya lazima."

Siku ile nilinyamaza. Jibu langu ni hili.

Lengalenga nimepanda, na watoto wanakula. Ninachokataa ni mtu mwingine kunichorea mwisho wa mahitaji yangu. Ningeweza kujitetea kwa lugha ya ofisi: tunda la waridi lina vitamini C nyingi, na Waingereza walipokosa machungwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, waliokota matunda ya waridi mwitu wakawapikia watoto sharubati. Ni kweli. Lakini siombei ua langu kwa vitamini. Mimi nataka harufu. Hapa Nyarushishi pua inaamkia moshi, choo na plastiki iliyopigwa jua. Kule Rwamagana waridi linalimwa, linapanda ndege kwenda Ulaya, na hakuna anayemwambia mnunuzi wa kule kwamba si la lazima.

Majirani nao wana lao. "Uko unapanda maua? Basi umekata tamaa ya kurudi!" Hapana, dada. Ndiyo maana napanda kwa mbegu. Tawi ni rahisi, nakubali: unalichoma udongoni, linashika, linatoa ua lilelile la mama yake. Ila ukiambiwa leo upande lori, tawi linakaukia njiani. Mbegu inalala kwenye pindo la kitenge.

Zangu nilizitoa kwenye kichaka kimoja cha uani Kamembe. Hakuna anayekipulizia dawa, na bado asubuhi kinanukia hadi barabarani. Nilichuma matunda yakiwa mekundu, nikayapasua, nikatoa vile vinywele vinavyowasha, nikaosha mbegu, nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu. Waridi la asili ya nchi za baridi, mbegu yake haiamki mpaka ipitie baridi kwanza, na Rusizi haina baridi ya namna hiyo. Basi mwenye duka mmoja amenipa pembe ya friji, kati ya soda. Leo ni wiki ya nane. Zinaweza kutaka miezi mitatu. Nyingi hazitaota. Zitakazoota hazitafanana na mama yao, na ua nitaliona labda mwaka wa pili, labda wa tatu.

"Mwaka wa tatu utakuwa wapi?" Sijui. Labda Mahama, labda kwetu Kamanyola. Kwa sababu mnaniita mtu wa kupita, mnanipa mbegu za miezi mitatu tu. Ndugu zangu, mtu anayepewa kila mara mbegu za miezi mitatu, mwishowe naye anajihesabia maisha kwa miezi mitatu. Mtoto wangu wa kwanza ameshaanza. Ukimuuliza habari ya mwakani, anakutazama tu.

Yeye ndiye anayenikumbusha kwenda kulowesha kitambaa.

Kwa hiyo, afisa, fomu ijayo ukikuta neno "waridi" kwenye mstari ule, weka kalamu chini. Niulize kama nina kopo la kuotesha.